Nani Atanunua Mawe ya Redio?

Mtu akitaja teknolojia darasani hapa Kenya, fikira za wengi huenda moja kwa moja kwenye mwaka 2013, muungano wa Jubilee ulipoomba kura kwa ahadi ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Vijana huisimulia habari hiyo kana kwamba kabla yake mwalimu wa shule ya msingi hakuwa na kitu ila chaki na ubao. Mimi nilifundisha shule za msingi upande wa Njoro, Nakuru, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi nilipofikisha umri wa kustaafu mwaka 2016, na mashine niliikuta shuleni nilipoanza kazi. Ilikuwa redio. Nataka kueleza ilivyofika, ilivyotumika na ilivyonyamaza, kwa sababu yaliyoipata redio ndiyo yaliyozipata tabuleti, na walioleta tabuleti hawakuja kutuuliza sisi tuliofundisha kwa redio.

Utangazaji ulianza nchini mwaka 1928, ukiwalenga walowezi. Shule za Waafrika zilingoja sana. Matangazo ya shule yalishika mpangilio miaka ya 1960, nchi ilipopata Uhuru ikajikuta ina watoto wengi na walimu wachache, tena wengi wa walimu hao hawakuwa wamesomea kazi hiyo. Mtu alimaliza shule ya msingi mwaka huu, mwaka ujao akawa amesimama mbele ya darasa. Redio ilionekana kuwa njia ya mkato yenye heri: mwalimu mmoja hodari akikaa mbele ya kipaza sauti Nairobi angesikika Lodwar, Lamu na Kuria kwa wakati mmoja. Hata walimu wenyewe walisomeshwa kwa njia hiyo. Huko Kikuyu chuo kikuu kilikuwa na kitengo cha kozi za posta zilizoambatana na vipindi vya redio, na wapo wenzangu walionitangulia kazini waliopanda daraja kwa kujisomea usiku kwa taa ya koroboi, sikio likiwa kwenye redio.

Vipindi vya watoto vilitayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo leo ni KICD, vikarushwa na Sauti ya Kenya. Kabla ya muhula kufunguliwa shule ilitakiwa kupokea kijitabu cha mwalimu: siku, saa, mada, maneno ya kuandikwa ubaoni kabla ya kipindi, na maswali ya kuuliza kikiisha. Vilikuwa vijitabu vizuri. Vile vichache nilivyo navyo bado navithamini kuliko vitabu vingi vya kiada vilivyokuja baadaye, maana aliyeviandika alijua kwamba mwalimu atakayevisoma yuko peke yake, hana maktaba, na ana watoto wengi kupita kiasi.

Idadi hiyo ya watoto ina historia yake. Mzee Kenyatta alitangaza siku ya Jamhuri, Desemba 1973, kwamba kuanzia mwezi uliofuata watoto wa darasa la kwanza hadi la nne wasilipe karo. Ilikadiriwa kwamba darasa la kwanza lingepokea watoto takriban 400,000. Walikuja karibu 1,000,000. Wengi waliacha njiani, shule zilipoanza kudai fedha za majengo, lakini waliobaki bado walijaza madarasa, na mimi nilipopewa darasa la tano niliwakuta humo. Walikaa watatu watatu kwenye dawati la wawili, na wengine kwenye mbao zilizolazwa juu ya matofali. Kufundisha darasa la namna hiyo kwa redio moja ni kazi ambayo vijitabu havikuieleza.

Kipindi nilichokipenda ni cha Kiswahili. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi wakati huo, CPE, haukuwa na Kiswahili, kwa hiyo walimu wengi walikiruka, hasa huku bara. Watoto wangu walikuwa wa Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya na Wakisii, wazazi wao wakiwa vibarua wa mashamba ya ngano na pareto, na Kiswahili walichokijua ni cha sokoni na cha kuchukulia ujira. Kwenye redio walimsikia mtu anayesema lugha hii kwa ufasaha, bila haraka, akisimulia hadithi. Nilikuwa naandika msamiati ubaoni mapema, kisha naiweka redio juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine ili sauti ipite vichwa vya watoto wa mbele. Eriali niliiongezea waya uliotoka dirishani hadi kwenye mkaratusi. Hadithi ikianza, darasa lilinyamaza hivi kwamba ungesikia chaki ikianguka. Watoto wa nyuma walisimama, si kwa utundu, bali kwa kutaka kusikia.

Halafu mvua inanyesha. Mvua ya Njoro ya Aprili juu ya mabati yasiyo na dari haishindani na redio, huimeza. Watoto wananitazama, mimi naitazama redio, na yule msimulizi anaendelea na hadithi yake kule Nairobi bila kujua kwamba kwetu haisikiki. Redio haisubiri. Darasa likichelewa kutoka gwaride, kipindi kimeshaanza. Mtoto asipoelewa sentensi, sentensi imekwisha. Na shule yenye mikondo mitatu ya darasa la tano ina redio moja na saa moja ya kipindi: ama unawajaza watoto wote chumba kimoja, ama mikondo miwili inakosa. Tulijaribu kuwatoa nje chini ya mti. Wa mbele walisikia, wa nyuma walichezea nyasi.

Haya yote tungeyastahimili. Kilichotushinda ni mawe.

Redio yetu ilikula mawe sita makubwa. Yakiwa mapya sauti ilijaa chumba. Baada ya wiki chache ilianza kukwaruza, na mwisho ikawa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Tuliyatoa, tukayaanika juani juu ya bati, tukasugua ncha zake kwa msasa, tukayarudisha. Yalijikongoja siku mbili tatu. Baadaye yalivuja, maji yake yakala springi za ndani, na fundi wa Njoro mjini akataka malipo ambayo hayakuwa na fungu. Redio yenyewe ilinunuliwa kwa harambee: wazazi walichanga, chifu akahutubia, nyimbo zikaimbwa. Mawe hayakuchangiwa na mtu. Hayakuwemo kwenye hesabu za halmashauri ya shule wala kwenye vifaa vilivyoletwa kutoka wilayani. Mwalimu mkuu wangu wa kwanza, mtu mwadilifu sana, aliifungia redio kabatini ofisini na ufunguo akauweka mfukoni, kwa sababu ikiibwa angeulizwa yeye. Niliposhika daftari lenye ratiba ya vipindi nikaenda kuiomba, aliniambia kwa upole, "Mwalimu, redio ndiyo hii, chukua. Lakini nani atanunua mawe?" Mara nyingi nilinunua mimi. Wenzangu waliokuwa na watoto wao wa kulipia karo hawakuweza, na siwalaumu hata kidogo.

Msomaji asisahau kwamba haya yalikuwa yakitendeka Nakuru. Kiwanda cha Eveready kilianza kutengeneza betri katika mji huo mwaka 1967. Mawe yale yenye alama ya paka yaliyouzwa kila duka la Kenya, na kuvuka mipaka hadi nchi jirani, yalitoka mwendo mfupi tu kwa matatu kutoka darasani kwangu. Baadhi ya wazazi wetu walikuwa na ndugu waliofanya kazi humo. Shule zilizokuwa jirani na kiwanda zilinyamaza kwa kukosa bidhaa ya kiwanda hicho, na katika miaka yangu yote kazini sikusikia ofisi yoyote ikikaa na kiwanda kutafuta mpango wa kuziuzia shule mawe kwa bei nafuu. Lilikuwa jambo dogo. Lingeokoa matangazo ya shule kwa miaka mingi.

Kwamba redio ingeweza kufundisha vizuri, hilo halina ubishi, na ushahidi wake ulipatikana hapahapa nchini. Kati ya mwaka 1980 na 1985 Taasisi ya Elimu, kwa fedha za Marekani, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza, kwenye shule chache zilizochaguliwa. Mtindo wake ulikuwa mpya. Redio iliuliza, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa sauti, redio ikasema jibu sahihi, ikaendelea. Kipindi kilichukua nusu saa kila siku ya shule, na mwalimu alikuwa humo ndani ya somo, akielekezwa na redio amwite nani na aoneshe nini. Shule yetu haikuwamo, lakini mwalimu mwenzangu aliyehamia kwetu kutoka shule ya mradi alinieleza kwamba watoto wake walitoka darasa la tatu wakisema Kiingereza ambacho wa kwetu walikipata darasa la sita. Walipopimwa, watoto wa mradi waliwashinda wasiokuwamo. Lesotho iliyachukua masomo hayo ya Kenya ikayatumia kwa watoto wake.

Sisi tuliyaacha. Fedha za nje zilipokwisha mwaka 1985, mwaka huohuo ulianza mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4, silabasi ikageuka, na vipindi vilivyorekodiwa kwa kazi kubwa vikabaki bila darasa la kuvipokea. Naliona jambo hili kuwa hasara isiyosemwa vya kutosha katika historia ya elimu yetu. Nchi ilibuni kitu, ikakijaribu, ikathibitisha kuwa kinafaa, kisha ikakiacha kwa sababu hakuna aliyekuwa amepanga kukilipia siku mfadhili atakapoondoka.

Jirani zetu wa Tanzania walikuwa wametuonesha njia nyingine zaidi ya miaka kumi nyuma. Mwaka 1973 walifanya kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wazima walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Ilidumu wiki 12 na ilifikia watu wapatao milioni 2. Kabla ya kipindi cha kwanza kwenda hewani, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufundishwa, na vitabu vya kusoma vilikuwa vimetayarishwa. Kazi kubwa ilikuwa kwa watu, na redio ikaja juu yake. Kwetu mpangilio ulikuwa kinyume: kifaa kwanza, mtu wa kukitumia baadaye, na gharama yake ya kila wiki haikuwa na mwenyewe.

Baada ya 1985 mambo yaliharakisha kuharibika. 8-4-4 iliongeza masomo: sayansi kimu, kilimo, sanaa na ufundi, na wazazi wakatakiwa kujenga karakana. Kwa upande wa Kiswahili ilikuwa neema, maana kiliingia kwenye mtihani na kikapata hadhi. Lakini ratiba ilijaa mpaka hapakuwa na nafasi ya kungoja saa ya redio, na mtihani wake mpya, KCPE, ukawa ndio bwana wa kila kipindi. Mwaka 1988 ilikuja sera ya kugawana gharama, na kila kitu kutoka chaki hadi karatasi za mtihani kikahamia mfukoni mwa mzazi. Kwetu vijitabu vya redio viliacha kufika. Hakuna aliyetangaza kwamba vimesitishwa. Muhula mmoja havikuja, na uliofuata havikuja.

Katika miaka hiyo mashine moja tu ilishamiri shuleni, na ni haki niitaje: saiklostaili. Ulipiga chapa stensili kwa taipureta, ukaivisha kwenye pipa lenye wino, ukazungusha mkono, karatasi ikatoka imelowa kidogo na inanukia wino. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kila mwisho wa mwezi. Iliishi kwa sababu haikuwa na saa yake: mwalimu aliitumia anapotaka, usiku akitaka. Ikiharibika fundi wa baiskeli aliweza kuitengeneza. Na wazazi walikubali kulipia wino kwa kuwa waliiona karatasi mkononi mwa mtoto. Nimeitafakari sana mashine ile. Ilimtii mwalimu, na kila shilingi yake ilikuwa na mtu anayejua inatoka wapi.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ilifanywa bure kwa wote, na watoto waliongezeka kwa zaidi ya milioni moja nchini. Serikali ilianza kuleta Sh1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: Sh650 za vitabu na vifaa vya kuandikia, Sh370 za mengine yote. Katika hizo Sh370 kulikuwa na marekebisho ya majengo, maji, mlinzi, posta, na stima kwa shule iliyokuwa nayo. Nazitaja hesabu hizi makusudi. Mtu akitaka kujua kwa nini mashine zilizofuata zililala, asome kwanza mafungu haya.

Ahadi ya 2013 haikutimia mwaka huo wala uliofuata. Zabuni ya kwanza ilifutwa mwaka 2014 baada ya malalamiko. Mwaka huohuo wa 2014 Eveready ilifunga kiwanda chake cha Nakuru, ikisongwa na betri za bei nafuu kutoka nje, na wafanyakazi wapatao mia waliosalia wakaenda nyumbani. Kwa sisi wa Nakuru ilikuwa habari ya majonzi. Mwaka 2016 mradi ulianza kweli, safari hii ukiwa wa tabuleti badala ya vipakatalishi. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia na Chuo Kikuu cha Moi viliungana na kampuni za kigeni kuziunganisha hapa nchini, jambo la kupongezwa. Miaka michache baadaye zaidi ya tabuleti milioni 1 zilikuwa zimefika katika shule za umma zaidi ya 20,000. Kila shule ilipata pia tabuleti za walimu, projekta na kifaa cha kuhifadhia masomo. Stima nayo ilivutwa hadi shule ambazo hazikuwa zimewahi kuwa na taa. Hili la stima ni jema kubwa, na lingebaki jema hata tabuleti zisingekuja.

Nilistaafu mwaka huohuo wa 2016, lakini mwanafunzi wangu wa zamani ni mwalimu wa darasa la pili katika shule moja ya kaunti yetu, na aliniita nikaone. Alifungua mlango wa mbao, kisha geti la chuma alilosema wazazi walilichangia, kisha kufuli la kabati. Tabuleti zilikuwa ndani ya maboksi yake, safi, zimepangwa vizuri. Chumba kilikuwa na soketi mbili. Ili zote zijae chaji alihitaji kuja alfajiri na kuzibadilisha kwa zamu, na tokeni za stima zilikuwa zikiisha katikati ya mwezi. Baadhi zilikuwa na nywila aliyoiweka mwalimu aliyehamishwa. Watoto walikuwa wengi kuliko tabuleti, kwa hiyo walishika watatu kwa moja, na yule wa katikati ndiye aliyebonyeza. Mafunzo aliyopata yeye yalikuwa ya siku chache tu. Nilimwuliza huzitumia mara ngapi. Akaniambia, "Mwalimu, mkaguzi akija." Alisema kwa huzuni, maana ni mwalimu mzuri na alitamani sana kuzitumia.

Ilipofika Januari 2019, mtaala wa umilisi ulianza rasmi katika madarasa ya chini. Masomo yaliyokuwa ndani ya tabuleti za shule ile yalikuwa ya silabasi ya zamani. Nilipolisikia hilo nilikumbuka 1985 na vipindi vya Kiingereza.

Machi mwaka huohuo Njoro yetu ilipata heshima kubwa. Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, pamoja na dola milioni 1 za Marekani. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti dhaifu. Alikuwa akienda kwenye saiba, anapakua masomo, anarudi nayo darasani kuwaonesha wanafunzi. Nchi nzima ilimshangilia, na mimi nililia kwa furaha. Lakini nasema kwa dhati: alichokifanya Bruda Tabichi kwenye saiba ndicho walichokifanya walimu wa miaka ya 1970 dukani waliponunua mawe kwa mshahara wao. Ni sifa kwake, na ni deni kwa nchi. Mpango wa elimu hauwezi kusimama juu ya ukarimu wa mwalimu mmoja mmoja. Wazazi nao wameingizwa: chini ya mtaala huu mpya mama anatumwa saiba kuchapisha picha za kazi ya mtoto, na shule zinapakua karatasi za tathmini na kuzichapisha kwa gharama zao.

Kisha Machi 2020 shule zote zikafungwa kwa ajili ya korona, na nchi ikakimbilia wapi? Kwenye redio. KICD ilirusha masomo kupitia redio ya KBC, na kwa wenye runinga kupitia chaneli ya Edu. Watoto wa majirani walikuja barazani kwangu na madaftari. Nilinunua mawe, yaliyotengenezwa ng'ambo sasa, nikaandika msamiati kwenye kipande cha ubao kabla ya kipindi, kama zamani. Wale watoto walisikiliza vizuri. Lakini baraza langu lina nafasi ya watoto wachache, na nyumba nyingi za kijiji chetu hazikuwa na redio inayofanya kazi. Zilikuwa na simu ya baba, naye baba yuko kibaruani. Mafunzo ya miaka yote iliyopita, vijitabu, ratiba, mbinu ya kuuliza na kunyamaza, hayakuwa mikononi mwa walimu vijana waliotakiwa kuwafuatilia watoto hao. Hawakuwahi kuyaona. Shule zilirudi kidogo kidogo kuanzia Oktoba 2020, na kwa wote Januari 2021, na redio ikarudi kabatini.

Sipingi tabuleti. Laiti ningekuwa nazo nilipokuwa na darasa la tano, zingenipa kile ambacho redio ilininyima: mtoto asiyeelewa sentensi angeirudia mpaka aelewe, na mvua isingeimeza hadithi. Ninachokipinga ni kununua mashine kwa fedha nyingi na kuiacha bila senti ya kuiendesha, halafu kumlaumu mwalimu kwamba anaogopa teknolojia. Nimewajua walimu wa nchi hii kwa miaka mingi. Hawaogopi. Wanakosa tokeni, wanakosa soketi, wanakosa saa ya kujifunza, na wanajua nani ataulizwa kifaa kikipotea.

Kwa hiyo nawaomba wanaoketi Jogoo House, kwenye wizara ya elimu, na katika kamati za bunge: mnapoandika bajeti ya kifaa kijacho, wekeni katika ukurasa uleule fedha za stima, fundi, mlinzi na mafunzo kwa miaka yote mnayotarajia kidumu, na mtaala usibadilishwe kabla masomo yaliyomo hayajabadilishwa. Nanyi wajumbe wa halmashauri za shule, msitie sahihi ya kupokea mpaka mmeoneshwa fungu hilo. Na wewe mwalimu mwenzangu uliyestaafu, kama una vile vijitabu vya redio nyumbani, vipeleke kwa walimu vijana wa shule iliyo karibu nawe, ukae nao uwaeleze mlivyovitumia, kabla mchwa hawajavimaliza.